Kompyuta ya Lango Nyumbani: Kutafuta Hitilafu ya Kadi ya Mtandao na Ukuta Moto

Umechukua kompyuta ya mezani ya zamani, ukaiongezea kadi ya pili ya mtandao, ukaweka Debian (aina ya Linux), na sasa unataka intaneti ya nyumba nzima ipite hapo, yaani iwe lango. Ukawasha. Kimya. Au kompyuta yenyewe inafungua kurasa vizuri, lakini simu na laptopu za ndani hazipati kitu. Swali hili linarudi kila mara, na karibu kila anayeuliza huanza na maneno yaleyale: "Nadhani ni ukuta moto," yaani firewall, kanuni zinazochuja kinachoingia na kutoka. Kisha anasema amekwishafuta kanuni zote, akanakili nyingine alikozipata, akaweka programu ya tatu juu yake, na sasa hata pale palipokuwa pazima pamekufa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mwongozo huu: usiguse kanuni hata moja kabla hujajua pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inafia wapi. Tutaanzia kwenye chuma na waya, ndipo tupande hadi kwenye kanuni.

Mpangilio ninaouzungumzia ni huu: modemu ya kampuni ya intaneti inaingia kadi ya nje, kadi ya ndani inatoka kwenda kwenye swichi au ruta ya Wi-Fi. Mfumo ni Debian 12, ukuta moto ni nftables. Ukitumia Ubuntu mambo mengi ni yaleyale, na baadhi ya tofauti nitazitaja.

Kabla hujaanza, kusanya haya

- Skrini na kibodi vilivyochomekwa kwenye lango lenyewe. Kurekebisha ukuta moto ukiwa umeingia kwa SSH (kutoka kompyuta nyingine, kupitia mtandao) ni kujitafutia kufungiwa nje.
- Haki za root, msimamizi mkuu wa mfumo. Ingia kwa `su -`, pamoja na hicho kistari. Ukiandika `su` tupu, amri kama `nft` na `sysctl` zitakujibu "command not found" ilhali zimo, kwa sababu zinakaa `/usr/sbin`.
- Programu: `apt install ethtool tcpdump nftables dnsmasq conntrack pciutils`. Kama lango halina intaneti kabisa, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi nyingine ya mtandao, unaomba anwani na kupakua unachotaka.
- Waya mmoja wa mtandao ambao una hakika ni mzima. Si "nadhani ni mzima".
- Laptopu moja ya upande wa ndani, iliyounganishwa kwa waya. Wi-Fi iache kando mpaka mwisho.
- Karatasi na kalamu, uandike jina la kila kadi, anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi), na tundu lake nyuma ya kasha. Watu huidharau karatasi hii, kisha wanashinda saa nzima wakipima kadi isiyo yenyewe.

Hatua ya 1: Je, kompyuta inaiona kadi?

```
lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet
```

Kila kadi inapaswa kuonekana, na chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Kadi nyingi za Realtek za gigabiti (RTL8111 na RTL8168) hutumia draiva (programu inayoendesha kadi) `r8169`. Za Intel hutumia `e1000e` au `igb`, kutegemea aina.

Kadi isipoonekana kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, itoe, ipulize vumbi, irudishe ikae sawasawa. Jaribu nafasi nyingine ya PCI. Kama ni kadi iliyojengwa kwenye bodi, angalia BIOS, huenda imezimwa huko.

Inaonekana lakini mwisho wa mstari pameandikwa `(rev ff)`? Kadi ipo ila haijibu. Zima kabisa na uchomoe umeme dakika chache. Kuwasha upya tu mara nyingine hakutoshi. Ikirudi vilevile, kuna uwezekano mkubwa imeungua. Umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na radi inayopita kwenye waya wa modemu, huua kadi ya nje na kuiacha kompyuta ikiwaka kama kawaida.

Kadi ipo ila haina draiva, au inayumba? Tazama kama mfumo unalalamikia faili la kadi (firmware):

```
dmesg | grep -i -E 'firmware|r8169|e1000e|igb'
```

Ukiona "failed to load rtl_nic/...", weka kifurushi `firmware-realtek`. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, vifurushi vya aina hiyo viko kwenye sehemu yake, `non-free-firmware`. Kama ulipandisha mfumo kutoka toleo la zamani, sehemu hiyo huenda haimo kwenye `/etc/apt/sources.list` yako, na apt itakuambia kifurushi hakipo. Iongeze, kisha `apt update`.

Hatua ya 2: Waya

```
ip -br link
```

```
lo       UNKNOWN  00:00:00:00:00:00  <LOOPBACK,UP,LOWER_UP>
enp1s0   UP       02:11:22:33:44:01  <BROADCAST,MULTICAST,UP,LOWER_UP>
enp3s0   DOWN     02:11:22:33:44:02  <NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP>
```

Soma mabano. `NO-CARRIER` maana yake kadi imewashwa ila haisikii kitu upande wa pili: waya umekatika, haukukaa, au swichi imezimwa. Hakuna kanuni ya ukuta moto duniani inayoweza kuleta `NO-CARRIER`. Ukiiona, achana na mambo ya nftables kabisa, shika waya. Ikiwa ndani ya mabano hamna `UP` wala `NO-CARRIER`, kadi haijawashwa tu: `ip link set enp3s0 up`.

Kisha:

```
ethtool enp3s0
```

Mistari mitatu ndiyo yenye kazi: Speed, Duplex na Link detected. Kadi zote mbili ni za gigabiti lakini Speed inasema 100Mb/s? Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, ilhali 100 inatosheka na jozi mbili, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo kuna jozi imekatika au kichwa kilibanwa vibaya. Badili waya kabla ya kuilaumu kadi.

Duplex ikisema Half (kutuma na kupokea kwa zamu), mara nyingi upande mmoja umelazimishwa kasi maalumu na mwingine umeachwa ujichagulie. Mtandao utafanya kazi, lakini kwa kukwamakwama kiasi cha kumchosha mtu. Acha pande zote mbili zijichagulie: `ethtool -s enp3s0 autoneg on`.

Tazama na makosa huku ukipakua faili kubwa:

```
ip -s link show enp3s0
```

Namba ya errors ikipanda, ni waya, tundu au kadi. Ikikaa palepale, songa mbele.

Kuna ugonjwa mmoja wa kadi unaostahili aya yake. Mtandao unakwenda vizuri, halafu ghafla kadi inaganda, na ndani ya `dmesg` unakuta "NETDEV WATCHDOG: enp1s0 (r8169): transmit queue 0 timed out". Hapo jaribu kwanza kuzima hali ya kuokoa umeme ya kadi: `ethtool --set-eee enp1s0 eee off`. Isiposaidia, ongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, endesha `update-grub`, washa upya. Badili kimoja, pima, ndipo ubadili kingine. Vyote viwili vikishindwa, maoni yangu ni kutafuta kadi ya Intel iliyotumika, kama yenye chipu ya I210 au 82574L. Kariakoo au Luthuli Avenue hutoki mikono mitupu ukiwa na subira. Angalia tu kipande chake cha chuma: kasha jembamba linataka kile kifupi, na muuzaji hatakukumbusha.

Hatua ya 3: Ipi ya nje, ipi ya ndani

Hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Jina `enp3s0` linatokana na mahali kadi ilipo: basi la PCI namba 3, nafasi 0. Ukiongeza kadi, namba za mabasi zinaweza kusogea, na iliyokuwa `enp2s0` jana ikaamka leo ikiitwa `enp3s0`. Mafaili yako yote yanaendelea kutaja jina la jana. Mtu anaona mtandao umekufa baada ya kuongeza kadi, anasema kadi mpya ni mbovu, kumbe ni majina.

Kujua tundu lipi ni lipi, endesha `ip monitor link` na uchomoe waya mmoja. Kadi itakayotajwa ndiyo hiyo. Kadi nyingine hukubali pia `ethtool -p enp3s0 10`, taa yake ikapepesa kwa sekunde kumi.

Sasa zipe majina yasiyosogea. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-ndani.link`:

```
[Match]
MACAddress=02:11:22:33:44:02

[Link]
Name=ndani0
```

Tengeneza na jingine, `10-nje.link`, lenye MAC ya kadi ya nje na `Name=nje0`. Usiziite `eth0` na `eth1`, kwa sababu kiini cha Linux hutumia majina hayo chenyewe kompyuta inapowaka, na yanaweza kugongana. Rekebisha `/etc/network/interfaces` ifuate majina mapya:

```
auto nje0
iface nje0 inet dhcp

auto ndani0
iface ndani0 inet static
    address 192.168.50.1/24
```

Halafu `update-initramfs -u`, na uwashe upya. Kuanzia hapa nitatumia `nje0` na `ndani0`.

Hatua ya 4: Anwani na njia

```
ip -br addr
ip route
```

Unataka kuona mstari mmoja tu wa `default`, nao upitie `nje0`. Makosa mawili hujaa hapa.

La kwanza ni kuandika `gateway` kwenye kadi ya ndani. Lango halina lango jingine huko ndani! Ukiandika hivyo unapata njia kuu mbili, na pakiti za kwenda nje zinapelekwa sebuleni. Ufute mstari huo.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halitoi kelele: pande zote mbili kutumia kundi moja la anwani. Modemu inatoa 192.168.1.x, nawe ndani umeweka 192.168.1.x. Lango haliwezi tena kujua 192.168.1.20 iko upande gani. Chagua ndani kundi ambalo modemu haiwezi kulitumia kwa bahati; ndiyo maana nimeandika 50. Jihadhari pia na modemu za USB: nyingi za Huawei hujipa 192.168.8.1, basi nalo kundi la 8 liepuke.

Ukikuta `nje0` ina anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hilo si kosa lako. Kampuni ya intaneti inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Utatoka nje bila shida, ila mtu wa nje hataweza kuingia kwako hata ufungue poti zote za ukuta moto.

Hatua ya 5: Piga ping kwa mpangilio

Kwenye lango lenyewe, kwa zamu hii: modemu (mfano 192.168.1.1), kisha 1.1.1.1 (anwani iliyo huko nje kwenye intaneti), kisha `debian.org`. La tatu likigoma peke yake, tatizo ni DNS, inayobadili majina kuwa anwani. La kwanza likigoma, rudi hatua ya 2 na ya 4. Kama `nje0` haipati hata anwani, zima modemu, hesabu dakika moja, iwashe: baadhi ya modemu hukariri MAC ya kifaa cha kwanza kilichochomekwa na kukataa kingine.

Sasa kwenye laptopu ya ndani (kama bado hujaweka DHCP, inayogawa anwani, ya hatua ya 8, ipe kwa mkono 192.168.50.120/24 na lango 192.168.50.1): 192.168.50.1, kisha anwani ya `nje0`, kisha modemu, kisha 1.1.1.1.

Tahadhari moja kubwa. Laptopu ikifanikiwa kupiga ping anwani ya `nje0`, usishangilie. Anwani hiyo ni ya lango lenyewe, kwa hiyo lango linajibu bila kupitisha chochote upande wa pili. Kipimo cha kweli ni modemu.

Na usipime kwa kupiga ping laptopu ya Windows kutoka kwenye lango. Kwa kawaida Windows huzuia ping inayoingia. Utadhani waya umekufa. Tumia `ip neigh`: ukiiona MAC ya laptopu na neno REACHABLE au STALE, laptopu ipo.

Modemu isipojibu laptopu, angalia hili kabla ya lolote:

```
sysctl net.ipv4.ip_forward
```

Jibu likiwa 0, Linux haijaruhusiwa kupitisha pakiti kutoka kadi moja kwenda nyingine. Andika `net.ipv4.ip_forward=1` ndani ya `/etc/sysctl.d/90-lango.conf`, kisha `sysctl --system`. Wanaoandika kwa `echo` tu kwenye `/proc` hupata furaha inayoishia umeme unapokatika.

Hatua ya 6: Sikiliza pande zote mbili

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Acha laptopu ipige ping 1.1.1.1 mfululizo, na kwenye lango ufungue madirisha mawili ya amri:

```
tcpdump -ni ndani0 icmp
```

```
tcpdump -ni nje0 icmp
```

Kwenye `ndani0` utegemee kuona kitu kama hiki:

```
IP 192.168.50.120 > 1.1.1.1: ICMP echo request, id 1, seq 44, length 40
```

Kinachoingia, tcpdump hukiona kabla ukuta moto haujakigusa. Kinachotoka, hukiona baada ya ukuta moto kumaliza nacho. Kwa hiyo madirisha haya mawili yanakuambia waziwazi pakiti imefia wapi:

- Hakionekani kitu `ndani0`: laptopu haitumi kwako. Angalia anwani yake na lango lake kuu, au waya.
- Inaonekana `ndani0`, haionekani `nje0`: inafia ndani ya lango. Ni `ip_forward`, njia, au kanuni za forward (za kupitisha pakiti).
- Inaonekana `nje0` lakini bado na anwani ya 192.168.50.120: imepita, ila hakuna aliyeibadili anwani. Kanuni ya `masquerade`, inayobadili anwani ya ndani kuwa ya lango, haipo, au imetaja kadi isiyo yenyewe.
- Inaonekana `nje0` na anwani ya lango, jibu halirudi: ukuta moto wako hauna hatia. Tatizo ni modemu au kampuni.
- Jibu linarudi `nje0` lakini halifiki `ndani0`: umesahau kuruhusu `established,related` (mazungumzo yaliyokwisha kuanza) kwenye forward.

Aliyefika hapa na kuandika matokeo yake huwa hana tena haja ya kuuliza. Aliyeruka hapa ndiye anayefuta kanuni zote.

Hatua ya 7: Sasa fungua kanuni

Hifadhi kwanza zilizopo:

```
(echo "flush ruleset"; nft list ruleset) > /root/nft-ya-jana.nft
```

Hilo neno `flush ruleset` juu ni la lazima. Bila hilo, siku ukirudisha faili, kanuni za jana zitarundikwa juu ya za leo.

Kama lazima ufanye kazi kwa SSH, weka kamba ya kujiokoa. Baada ya dakika tatu mfumo utarudisha za jana wenyewe:

```
systemd-run --on-active=3m --unit=rudisha /usr/sbin/nft -f /root/nft-ya-jana.nft
```

Mambo yakienda vizuri, ikatishe: `systemctl stop rudisha.timer`.

Hii hapa `/etc/nftables.conf` ndogo inayotosha nyumba ya kawaida:

```
#!/usr/sbin/nft -f
flush ruleset

table inet ulinzi {
  chain input {
    type filter hook input priority 0; policy drop;
    ct state established,related accept
    iifname "lo" accept
    iifname "ndani0" accept
    iifname "nje0" icmp type echo-request limit rate 5/second accept
  }
  chain forward {
    type filter hook forward priority 0; policy drop;
    tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu
    ct state established,related accept
    iifname "ndani0" oifname "nje0" accept
  }
}

table ip nat {
  chain postrouting {
    type nat hook postrouting priority 100; policy accept;
    oifname "nje0" masquerade
  }
}
```

Kagua kabla ya kupakia: `nft -c -f /etc/nftables.conf`. Kisha `nft -f /etc/nftables.conf`. Na hili, tafadhali: `systemctl enable nftables`. Debian haiiwashi yenyewe. "Ilikuwa inafanya kazi mpaka nilipozima kompyuta" karibu kila mara ni hili, au ni `ip_forward` isiyohifadhiwa.

Sasa makosa ninayoyakuta mara nyingi kwenye kanuni za watu:

*Kuzima ukuta moto "ili nipime".* `systemctl stop nftables` hufuta kila kitu, pamoja na `masquerade`. Kwa hiyo ukizima, intaneti ya ndani inakata, nawe unahitimisha kwamba ukuta moto hauhusiki. Kipimo hicho hakipimi kitu.

*`iif` badala ya `iifname`.* `iif` inataka kadi iwepo wakati kanuni zinapakiwa. Kama kadi ni ya USB au ni `ppp0` inayochelewa kuamka, faili lote litakataliwa na lango litabaki wazi bila kanuni hata moja. Tumia `iifname` na `oifname`.

*Kuruhusu ndani kwa anwani.* Mtu anaandika `ip saddr 192.168.50.0/24 accept` kwenye input (pakiti zinazokuja kwa lango lenyewe) na kushangaa DHCP haifanyi kazi. Kifaa kinachoomba anwani bado hakina anwani, kinatuma kutoka 0.0.0.0. Ruhusu kwa jina la kadi, kama nilivyofanya hapo juu.

*Walinzi wawili mlango mmoja.* ufw na firewalld (programu nyingine za ukuta moto), Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena) na nftables, zote pamoja. Kwenye nftables, `accept` ya jedwali moja haimfungi mwenzake, lakini `drop` ya yeyote ndiyo mwisho wa pakiti. Docker inaweza kuiwekea iptables (ukuta moto wa zamani wa Linux) sera ya DROP kwenye FORWARD, hivyo ukiiweka kwenye lango, nyumba nzima inaweza kukatika huku kanuni zako zikiwa sahihi neno kwa neno. Endesha `nft list ruleset` usome yote, si zako tu. Ushauri wangu: Docker ihamie kompyuta nyingine.

*Kupima kwa ping ileile.* Kanuni za nat (za kubadili anwani) husomwa kwa pakiti ya kwanza tu ya mazungumzo. Ukiongeza `masquerade` huku ping ya zamani ikiendelea, itaendelea kushindwa. Isimamishe na ufute kumbukumbu kwa `conntrack -F`, ndipo upime tena.

Ukitaka kuona kinachozuiwa, ongeza kwa muda mwisho wa forward:

```
nft add rule inet ulinzi forward limit rate 5/second counter log prefix '"IMEZUIWA "'
journalctl -kf | grep IMEZUIWA
```

Hatua ya 8: Anwani na majina kwa vifaa vya ndani

Ndani ya `/etc/dnsmasq.conf` mistari mitatu inatosha:

```
interface=ndani0
bind-dynamic
dhcp-range=192.168.50.100,192.168.50.200,12h
```

Kagua kwa `dnsmasq --test`, kisha `systemctl restart dnsmasq`. Kwenye Ubuntu inaweza kugoma kwa sababu `systemd-resolved` imeshikilia poti 53. Amri `ss -lunp | grep :53` itakuonyesha nani yupo.

Ruta ya Wi-Fi unayoitumia kusambaza mawimbi tu: zima DHCP yake, ipe anwani ya kundi la 50 iliyo nje ya zile za kugawa, na uchomeke waya kwenye tundu lake la LAN, si la WAN. Usipozima DHCP, baadhi ya simu zitapata lango sahihi na nyingine zitapata la ruta, na utasikia "kwangu inafanya kazi, kwa mama haifanyi".

Bado inasumbua? Tafuta dalili yako

*Ping inakwenda, baadhi ya kurasa hazifunguki au zinaning'inia.* Pakiti ni kubwa kuliko njia. Jaribu kwenye lango `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`. Ikigoma lakini 1464 ikapita, njia yako hubeba hadi baiti 1492 (1464 na 28 za vichwa vya pakiti), kawaida ya PPPoE, aina mojawapo ya muunganisho wa kampuni za intaneti. Mstari wa `maxseg` kwenye kanuni zangu upo kwa ajili hiyo, na lazima ukae juu ya `established`.

*Kila kitu kinakwenda, kisha jioni kinakatakata.* Soma `dmesg`. "nf_conntrack: table full, dropping packet" maana yake orodha ya mazungumzo imejaa. Ongeza `net.netfilter.nf_conntrack_max`, lakini tafuta pia ni kifaa gani kinafungua miunganisho maelfu.

*Ping na majina sawa, ila kila tovuti inalalamikia cheti.* Andika `date`. Betri ya bodi, ile CR2032, ikifa, kompyuta ya zamani huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita.

*Umeme ukirudi, lango haliwaki.* Si mtandao. Ndani ya BIOS tafuta mpangilio wa kuwaka wenyewe baada ya umeme kukatika.

Ukikwama ukahitaji kuuliza

Usiandike "intaneti haifanyi kazi". Leta matokeo ya hizi, pamoja na ulichokiona kwenye madirisha mawili ya hatua ya 6:

```
lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet
ip -br link; ip -br addr; ip route
sysctl net.ipv4.ip_forward
nft list ruleset
dmesg | tail -50
```

Kama `nje0` ina anwani ya umma, ifute tarakimu za mwisho kabla hujaituma kwa watu.